Mashine Haijaharibika, Inatafakari

Wananchi wote wanatangaziwa kwa heshima kubwa kwamba mashine ya kudarizi ya Idara ya Sare na Vyeo haijaharibika. Imeingia katika kipindi cha tafakuri ya kiufundi. Uvumi kwamba imekufa unaenezwa na watu wasioitakia mema Idara, wakishirikiana na watu walioiona.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango mkuu asubuhi ya Jumatatu, na aliyelitunga alisimama mbele yake mikono kiunoni, akilisoma kana kwamba ni habari mpya hata kwake. Huyu alikuwa Kaimu Mkurugenzi, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Kaimu. Alikuwa amekaimu muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka anamshikia nani nafasi. Wazee wa ofisi walisema mwenye cheo alikwenda kwenye semina, na semina zenyewe ndizo hizo tunazozijua.

Kazi ya Idara ilikuwa nzito na ya pekee: kuandika vyeo kwenye vifua vya watu. Kila aliyefanya kazi ndani ya jengo lile alivaa koti la kijivu, na juu ya mfuko wa kushoto alidariziwa cheo chake kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Bila darizi huna cheo, na bila cheo huna mamlaka hata ya kufungua dirisha. Hayo yote yalikuwa kwenye Waraka wa Makoti, ambao Bwana Kaimu aliuandika kwa mkono wake na Waziri akautia saini bila kuusoma, kama inavyostahili kazi nzuri. Waraka ulisema kwamba cheo cha mtu ni kile kilichodariziwa kwenye koti lake na si kingine chochote.

Chanzo cha waraka ule kilikuwa tukio la kusikitisha. Dereva mmoja alijidarizia mwenyewe maneno "Mshauri Mwandamizi", akaanza kushauri, na alishauri vizuri sana kabla hajagunduliwa. Ndiyo maana ikapigwa marufuku kudarizi kwa mkono, kufumua darizi, na kubadilishana makoti. Makoti yote yangekuwa yanafanywa upya mara moja kwa mwaka, siku moja, kwa mashine moja, na yale ya zamani yangechanwa kuwa matambara ya usafi.

Siku hiyo moja ndiyo iliyoleta tafakuri.

Mashine ilianza kazi vizuri, sindano ikipanda na kushuka kwa furaha, ila kila koti lililotoka lilikuwa na neno moja la ziada mbele. Ukiiagiza "Dereva" inatoa "Kaimu Dereva". Ukiiagiza "Mtunza Stoo" inatoa "Kaimu Mtunza Stoo". Sababu haikuwa ngumu kukisia. Tumbo la Bwana Kaimu lilikuwa la kutukuka, na kila koti lilipombana alishonewa jingine kwa ruhusa maalumu, kwa hiyo neno hilo mashine ilikuwa imelishona mara nyingi kuliko neno lolote duniani. Sasa ililishona hata bila kuombwa. Mpaka walipogundua, makoti yote ya jengo yalikuwa yameshapita, na ya zamani yameshachanwa.

Wa kwanza kuja kulalamika alikuwa mlinzi wa lango.

"Samahani, mkuu. Hapa kifuani pameandikwa Kaimu Mlinzi. Namkaimu nani?"

"Mlinzi," alijibu Bwana Kaimu.

"Mlinzi si ndiye mimi?"

"Ulikuwa wewe mpaka jana. Sasa unamshikia nafasi mpaka apatikane."

Mlinzi alifikiri. "Sasa huyo mwenyewe akija langoni, nimfanyeje?"

"Usimruhusu kuingia bila kitambulisho."

Mlinzi alipiga saluti na kurudi langoni, na tangu siku hiyo alimkagua kila mtu kwa wasiwasi, asije akajipita mwenyewe. Mhasibu Mkuu, ambaye alihangaikia lile neno "Mkuu" ujana wake wote, alijifungia stoo akalia. Alipotoka alikuwa Kaimu Mhasibu Mkuu, macho mekundu, na hakutaka kuzungumza na mtu.

Kulia kungekuwa ndio mwisho wa habari, kama si kanuni moja ya zamani. Kanuni ilisema kaimu anaweza kushauri, kupendekeza, kukumbusha na kusikitika, lakini hawezi kuidhinisha. Siku zote Bwana Kaimu alipendekeza na Mhasibu Mkuu akaidhinisha, maisha yakaenda. Sasa jengo zima lilikuwa la wapendekezaji watupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kusema mashine itengenezwe au ibadilishwe, na kila mmoja alikuwa na maoni.

Yaani, isipokuwa mmoja. Mfagizi Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, hakupeleka koti lake siku ile kwa sababu lilikuwa kwenye kamba likikauka. "Koti langu bado zima," alisema. "Nilichane ya nini?" Aliandikiwa onyo kali kwa kukaidi ukarabati wa hadhi yake. Alilipokea onyo kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu, akaenda akalifutia kioo.

Bwana Kaimu angemchukulia hatua zaidi, ila kulikuwa na kizuizi cha kifamilia. Mfagizi Mkuu ndiye shangazi wa Mdarizi, na ndiye aliyemlea tangu utotoni. Na Mdarizi, binti aliyeiendesha ile mashine, ndiye mchumba wa Bwana Kaimu.

Hapa lazima tuseme ukweli: Bwana Kaimu alimpenda binti yule mpaka akawa anakula kupita kiasi ili makoti yambane upesi. Huko kwenye chumba cha kudarizi, akipimwa kifua, ndiko alikopata raha yake yote. Alishapeleka posa. Ikapokelewa, ikakaliwa. "Mtoto wa kaka yangu simwozi kwa mtu wa muda," shangazi alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Leo yupo, kesho mwenye cheo karudi kutoka semina. Siku hilo neno likimtoka kifuani, siku hiyo hiyo waje na masanduku." Na Mdarizi mwenyewe, ingawa alicheka, alisema amechoka kuwa kaimu mchumba.

Ijumaa ya wiki ile Waziri alikuwa anakuja kumthibitisha Bwana Kaimu. Hatimaye! Koti la "Mkurugenzi" lingedariziwa mbele ya macho ya Waziri, hadharani, kwa mashine ambayo haikujua tena kuandika cheo bila kukipunguza.

Kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Juu ya Kutathmini Hatima ya Mashine.

Kamati ilikaa Jumanne kwenye ukumbi mdogo, kuzunguka meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Bwana Kaimu aliketi kichwani. Kulia kwake aliketi Katibu, mtu mwembamba aliyetembea na Waraka wa Makoti kwapani kama watu wanavyotembea na mwavuli, na aliyeupenda kuliko hata aliyeuandika. Mjadala uligawanyika mara moja. Kaimu Mhasibu Mkuu alitaka mashine itengenezwe, akisema kitu kikishakuwa kizee kinastahili heshima, na alisema hivyo kwa uchungu wa mtu anayejisemea mwenyewe. Mwingine alitaka ibadilishwe, kwa kuwa taifa haliwezi kusonga mbele likiwa limekalia mashine ileile. Wa tatu, aliyekuwa mtu wa suluhu, alipendekeza ibadilishwe kwa njia ya kutengenezwa. Makofi yakapigwa. Kisha wakakumbuka hawana uwezo wa kulipitisha.

"Inueni miguu," sauti ilisema kutoka mlangoni.

Kamati nzima iliinua miguu. Mfagizi Mkuu aliingia na ndoo, akapitisha tambara chini ya meza bila haraka. Lilikuwa tambara la koti la zamani, na kila lilipogeuka maneno "HASIBU MKUU" yalionekana yaking'aa kwenye maji machafu. Kaimu Mhasibu Mkuu aligeuza uso akatazama ukuta.

"Shikamoo, shangazi," alisema Bwana Kaimu, magoti yakiwa yamefika kidevuni.

"Marahaba. Inua na hilo begi. Bado kaimu?"

"Mpaka Ijumaa tu, shangazi. Ijumaa naachana nalo."

"Hata mwaka juzi ilikuwa Ijumaa," alisema shangazi, akakamua tambara na kutoka.

Baada ya miguu kushuka, akaitwa Fundi kama shahidi wa kitaalamu. Fundi alikuwa mtu wa mdomo mpana, mwenye bisibisi nyuma ya sikio, na alishaizunguka ile mashine mara kadhaa bila kuigusa.

"Nimechunguza," alisema. "Ama parafujo imelegea, ama kumbukumbu yake imeganda, ama kuna mtu ana kijicho na vyeo vyenu. Kwa uzoefu wangu huwa ni hilo la tatu, lakini tunaanza na parafujo."

"Kuitengeneza kutachukua muda gani?"

"Weka chai mezani. Kabla haijapoa nimemaliza."

Bwana Kaimu aliinuka nusu kitini kwa furaha. "Na tukibadilisha?"

"Mkibadilisha mnaniita nifunge mpya. Ikilegea mnaniita tena. Mimi, mkuu, huko kote nipo."

"Basi tengeneza! Sasa hivi!"

"Haya," alisema Fundi, akaitoa bisibisi nyuma ya sikio. "Nani kaidhinisha?"

Wajumbe walitazamana vifuani. Kaimu, Kaimu, Kaimu. Fundi aliirudisha bisibisi mahali pake.

"Mtanisamehe, wakubwa. Nilishawahi kuifungua feni ya humu ndani bila kibali, nikaandikiwa barua kwamba nahujumu upepo. Sirudii."

Ilibaki njia moja. Waziri hakuwa kaimu. Waziri alikuwa kamili, mtu wa kuapishwa. Akifika Ijumaa aidhinishe kwanza matengenezo, Fundi akaze anachokaza, kisha koti la Mkurugenzi lishonwe safi. Kamati iliipokea fikra hiyo kwa ahueni kubwa, na chai ilikuwa inamiminwa pale Katibu alipokohoa.

"Ninakumbusha tu," alisema, akiutoa waraka kwapani kwa upendo. "Hakuna mtu anayeruhusiwa kutoa idhini ndani ya jengo hili bila kuvaa koti la Idara lenye cheo chake. Hata mgeni. Mgeni anashonewa akifika, kwa mashine hii hii. Ibara hiyo ni nzuri sana, Bwana Kaimu. Uliiandika vizuri."

Bwana Kaimu alisema asante kwa sauti ndogo.

Mchana ule alishuka kwenye chumba cha kudarizi. Mdarizi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, miguu juu ya sanduku la nyuzi, akila karanga mbele ya mashine iliyotafakari.

"Umekuja kwa kazi au kwa mimi?" aliuliza.

"Kwa vyote viwili."

"Basi anza na mimi. Kazi ina kamati."

Bwana Kaimu alicheka, kisha hakucheka tena. Alimweleza habari yote, Waziri, koti la mgeni, ibara nzuri. Mdarizi alimsikiliza mpaka mwisho, akakung'uta maganda ya karanga mapajani.

"Hii mashine inaanza na neno lako, sivyo? Kisha ndiyo inaandika ulichoiagiza. Sasa Ijumaa nitatega tambara kwanza. Neno la kwanza lishonwe kwenye tambara. Likiisha natoa tambara, natega koti, Waziri anapata cheo chake kitupu kama alivyozaliwa nacho."

"Haikatazwi?"

"Umekataza mkono, umekataza kufumua, umekataza kubadilishana. Tambara ulilisahau."

Bwana Kaimu alimtazama kwa fahari, na kwa mara ya kwanza akauonea aibu kidogo waraka wake. Angemkumbatia, lakini palikuwa mahali pa kazi. Mdarizi alikuwa amemkazia macho.

"Na ukishakuwa mkurugenzi kamili?"

"Tunafunga ndoa. Shangazi ameshasema."

"Na usipokuwa?"

"Nitakuwa."

"Sijauliza hivyo. Nimeuliza usipokuwa."

Bwana Kaimu alifungua mdomo. Aliitazama mashine, akalitazama koti lake, akatafuta jibu kote huko asilione. Alijua kushauri, kupendekeza, kukumbusha na kusikitika. Swali lile hakuwahi kulipatia ibara. Mdarizi alingoja, halafu akarudi kwenye karanga zake, na ilionekana wazi kwamba ameumia. Bwana Kaimu alipanda ngazi akijichukia.

Ijumaa ikafika. Ngazi zilipigwa deki mpaka zikawa hatari. Waziri alishuka garini akizungumza kama mtu aliyeshika kipaza sauti, ingawa hakukishika, na aliwasalimia wafanyakazi kwa kuwapungia mkono wakiwa karibu kiasi cha kuguswa. Kila alipotazama kifua aliona Kaimu, na alifurahi. "Naona mnajituma," alisema. "Kila mtu anakaimu!"

Chumba cha kudarizi kilijaa. Viti vilipangwa kwa ajili ya wakubwa, Katibu alisimama na waraka wake, Fundi aliegemea ukuta, na Mfagizi Mkuu alibaki mlangoni na ndoo yake kwa kuwa hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumfukuza. Bwana Kaimu alitoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa uzi. Kisha Mdarizi akatega tambara kwenye fremu, sawasawa na alivyoahidi, na kuliweka koti jipya la Waziri kando, tayari.

"Hilo tambara ni la nini?" aliuliza Waziri.

"La utangulizi, mheshimiwa," alisema Bwana Kaimu.

"Utangulizi wa nani?"

"Wa cheo chako, mheshimiwa. Mashine inajipasha moto kidogo, halafu..."

Waziri alilisogelea tambara. Lilikuwa kipande cha koti la zamani, na harufu ya sabuni ya sakafuni ilikuwa bado haijalitoka. Uso wake ulivimba taratibu.

"Cheo changu kianzie kwenye tambara la deki? Mimi? Mimi sina utangulizi! Mimi naanza moja kwa moja!"

"Mheshimiwa, tafadhali, usi..." alisema Mdarizi, lakini Waziri alikuwa ameshalichomoa tambara na kulitupa, akalisukuma koti lake chini ya sindano kwa mikono yake mwenyewe, akabonyeza kitufe kikubwa chekundu kwa kidole kilichozoea kuzindua vitu.

Haijawahi mashine ile kushona vizuri kiasi kile. Herufi zilitoka nene, zimenyooka, zinameremeta. Wengi walipiga makofi kabla ya kusoma. Waziri alilivaa koti akiwa ametazama kamera za waandishi wa habari, akatoa tabasamu, akafunga vifungo mpaka juu. Makofi yakaanza kupungua kutoka safu za mbele kurudi nyuma, kadiri watu walivyokuwa wakisoma.

KAIMU WAZIRI.

"Kuna nini?" aliuliza Waziri. Akainamisha kichwa. Kidevu kilimzuia kidogo, lakini aliona. "Fumueni hii!"

"Kufumua ni kosa, mheshimiwa," alisema Katibu, kwa hofu na furaha ya kitaaluma. Akajirekebisha. "Kaimu mheshimiwa."

"Basi nalivua!"

"Asiye na koti hana kauli ndani ya jengo, kaimu mheshimiwa. Ibara inayofuata."

"Nani mpumbavu aliyeandika haya?"

"Aliyeandika ni Bwana Kaimu. Aliyetia saini ni..." Katibu aliugeuza waraka, akaonyesha kwa adabu, akaacha kumalizia.

Waziri alisema basi ataondoka, kwani huko nje yeye bado ni waziri wa kuapishwa. Hapo simu yake ikaita. Ilikuwa ofisini kwake. Naibu wake alikuwa amepata habari kwamba wizara sasa ina kaimu, alikuwa amesikitika sana, na alikuwa anaulizia kwa heshima zote kama kiti kikubwa kinaweza kusogezwa dirishani. Waziri alikaa kwenye kiti kilicho karibu bila kuangalia ni cha nani.

Katibu akaanza kumtafuta mtu asiyekaimu. Alipita kifua hadi kifua, mlinzi, dereva, wahasibu, wapishi wa chai, kote kaimu, mpaka akafika mlangoni penye ndoo. Koti la pale lilikuwa limepauka kwa jua na uzi wa dhahabu ulikuwa umegeuka njano ya haradali, lakini lilisomeka. Alilisoma mara mbili.

"Mfagizi Mkuu," alisema polepole. "Halina kaimu. Mabibi na mabwana, huyu ndiye afisa pekee aliyethibitishwa katika jengo hili."

"Si niliwaambia koti langu bado zima," alisema Mfagizi Mkuu.

"Mama, mamlaka yote yako kwako. Kuidhinisha, kutengua, kuteua."

"Yote?"

"Yote."

Mama yule hakujivunga hata kidogo. Aliingia, akawapita wakubwa, akaketi kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya Waziri, na ufagio akausimamisha kando kama bendera. Kuna watu wanaosema madaraka humbadilisha mtu. Yeye hayakumbadilisha, na hilo ndilo lililowatisha.

"Kwanza inueni miguu," alisema. "Pameshachafuka tena."

Wote waliokuwa wamekaa waliinua. Waziri alichelewa kidogo, akatazamwa, akainua.

"Sasa," alisema Katibu, kalamu mkononi, "kuhusu mashine. Itengenezwe au ibadilishwe?"

"Itengenezwe. Ina kosa gani? Imeandika ilichokiona."

Fundi alisikia neno hilo, akaruka. Alikaza parafujo, akapuliza, akaipiga mashine kofi la ubavuni ambalo hakulieleza, akajaribisha kwenye tambara. "Dereva," iliandika mashine. Dereva mtupu. Kaimu Mhasibu Mkuu alishika kifua kwa matumaini, na chai iliyomiminwa tangu asubuhi ilikuwa, kwa haki yote, imeshapoa kitambo.

"Mengineyo?" aliuliza Katibu.

"Yapo." Mfagizi Mkuu aliinua mpini wa ufagio, ukamwelekea Bwana Kaimu. "Huyu hapa. Mwanangu, njoo. Huyu wako tumtengeneze au tumbadilishe?"

Mdarizi alisimama kando ya mashine, tambara mkononi. Alimtazama tu Bwana Kaimu, kwa jicho lilelile la Jumanne. Na Bwana Kaimu aliona kila kitu kwa pamoja: mashine imepona, mama mwenye mamlaka yupo, koti la "Mkurugenzi" lingeweza kushonwa sasa hivi, aombe tu. Alijua pia kwamba akiliomba atalipata, na kwamba swali la binti yule litabaki palepale miaka yote ya ndoa yao. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kamati yoyote.

Akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Bwana Kaimu!" Katibu alishtuka. "Ukilivua huna cheo tena!"

"Najua. Niliandika mimi."

Alilivua, akalikunja, akaliweka juu ya ndoo. Alibaki na shati jeupe lililokosa kifungo kimoja tumboni, pengo ambalo miaka yote lilifichwa na mamlaka.

"Uliniuliza nisipokuwa," alimwambia Mdarizi, na sauti haikuwa ya hotuba. "Nisipokuwa, nakuwa huyu. Sina kingine cha kukuonyesha. Nakupenda, na nimechoka kumshikia mtu nafasi. Kama unanitaka hivi, ndivyo nilivyo."

Mdarizi alilitazama lile tumbo, lile shati, lile pengo la kifungo. Akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka humo humo kwenye kicheko.

"Atengenezwe, shangazi," alisema. "Huyu anatengenezeka. Na kifungo atakishona mwenyewe, nitamfundisha."

"Imeidhinishwa," alisema shangazi. "Waje na masanduku." Kisha ule mpini wa ufagio ukazunguka polepole, ukaacha watu, ukatua mbele ya Waziri, aliyekuwa bado ameinua miguu kwa kuwa hakuna aliyemwambia aishushe. "Haya. Na hiki?"

Jumatatu iliyofuata tangazo jipya lilibandikwa kwenye mlango mkuu, chini ya saini ya Mfagizi Mkuu, anayeiongoza Idara mpaka leo na ngazi zake zinang'aa. Lilisomeka hivi:

Wananchi wote wanatangaziwa kwa heshima kubwa kwamba mashine ya kudarizi ya Idara ya Sare na Vyeo imepona na inaendelea na kazi. Aidha, wanaombwa wapuuze uvumi unaoenea mitaani. Waziri hajaharibika. Ameingia katika kipindi cha tafakuri ya kiufundi. Fundi amemzunguka mara kadhaa bila kumgusa, na ameshauri abadilishwe, kwani vipuri vya aina yake havitengenezwi tena.